Nilijibu Nimesikia

Mama Riziki,

Ulikufa siku ya ine ya juma, jua likiwa juu ya kichwa. Ulikufa na kichomi. Siku tatu ulikuwa unaningoja. Mimi nilikuwa ku kazi, ninatia mawe mu mashini. Nilikula. Nililala vizuri. Hivi njo vilikuwa.

Walikuambia kama nimesikia. Baba Mudogo, mwenye ngoma ya kwetu, alikuja mpaka ku kitanda yako, akakuambia: «Bwana yako amejibu. Amesikia.» Wanasema ulifurahi.

Mama Riziki, sikusikia.

Nilijibu nimesikia, na sikusikia. Barua hii ni ya ile neno tu. Mengine yote yanakuja nyuma.

Ninaandika na kreyo, juu ya karatasi ya mufuko wa simenti. Katekista alitaka kuniandikia. Nikakataa. Hii si ya kupita mu mukono wa mutu mwingine. Shule yangu unaijua, miaka mbili, kisha padri akanifukuza juu nilikuwa ninapiga meza na vidole wakati wa sala. Kama maneno yamepinda, utanyoosha weye mwenyewe. Ulikuwa unaninyosheaka siku zote.

Ya ngoma unaijua. Lakini acha niseme, juu njo pale nilianguka.

Ngoma ya muti, ile ya kutuma maneno mbali, haianzi na neno. Inaanza na mwendo. Mwenye kupiga anaita jina lako, mara tatu, mara ine, hakuna neno lingine. Watu wasiojua wanafikiri anakuita tu. Hapana. Anakupa hatua yake. Weye uliye mbali unaweka kisigino chini, unapiga udongo pole pole, mpaka kisigino chako na mukono wake vinaenda pamoja. Kisha njo neno linakuja. Ukiwa na hatua, unajua kila pigo linaangukia wapi: la upande wa mwanaume, la upande wa mwanamuke, na pahali pa kimya. Kimya pia ni pigo. Ukikosa hatua, unasikia muti unalia. Unasikia kila sauti na huna hata neno moja.

Marehemu baba yangu alikuwa anasema: «Sikio ni mwizi. Kisigino njo kinasikia.» Alinifundisha kama mutu si saa ya Muzungu. Mwenye kupiga anachoka, anachelewa. Akipata nguvu, anakimbia. Pigo likifika mbele ya kisigino chako, ongeza kidogo. Kisigino kikifika mbele, ngoja kidogo. Kidogo tu. Ukikaza sana unapotea upande mwingine.

Mimi nilijua hivi nikiwa mutoto. Nilijisifu navyo mpaka nikakuwa muzee kidogo.

Weye hakuna mutu aliyekufundisha. Wanamuke hawafundishwi. Lakini ulinishinda, juu ya kinu. Unakumbuka wakati wa mimba ya Riziki? Dada yako alienda kuuguza mutoto kwake, na mupunga wa Leta, ule wa serikali, ulikuwa haujatwangwa, na polisi wa shefu alikuwa anakuja kuuangalia. Nikashika muchi. Tukaenda nyuma ya nyumba watu wasinione. Michi mbili, kinu moja. Nilikaribia kukuvunja vidole. Ukasema: «Ngoja! Unanifuata ao unanikimbiza?» Kisha ukasema: «Usiangalie muchi wangu ukianguka. Ukiuona umeanguka umekwisha kuchelewa. Ushike ukiwa bado juu.» Nikafumba macho. Ikaenda. Pu, pu, pu, pu. Hata hatukuongea.

Na muzee Lusangi akapita na jembe yake, akasema: «Ee, leo hapa kuko wabibi wawili!» Nilitaka kutupa muchi. Weye ukamujibu bila kusimama: «Huyu mumoja angali anajifunza, baba, mumusamehe.»

Nilikasirika siku mbili. Sasa ninalipa.

Kisha njo nikaenda ku dhahabu. Ile mashini ya kuponda mawe hukuionaka. Ni michi kumi ya chuma, kila mumoja murefu kupita mutu, inainuka inaanguka juu ya mawe, mchana na usiku. Tunaiita piloni. Udongo unatetemeka mpaka mu kampi, mpaka mu sahani. Mwaka wa kwanza sikulala. Mwaka wa pili nililala. Mwaka wa tatu, siku ya Mungu wakiisimamisha, njo nilikuwa sipati usingizi. Asumani, yule tunakaa naye nyumba moja, alikuwa ananicheka: «We ndugu, angalia, unatafuna na piloni!» Ilikuwa kweli. Nilikuwa ninatafuna nayo, ninatembea nayo.

Weye ulijua. Nilipokuja konje, likizo ya kazi, mara ya mwisho ulinipa muchi, kwa mchezo. Tukapiga mara tano, mara sita. Ukasimamisha muchi wako. Ukaniangalia. Ukasema: «Weye hauko hapa.» Nikajibu vibaya. Nikasema niko hapa, unaniona na macho, unataka nini tena? Ukatwanga peke yako mpaka mwisho.

Ungenipiga na ule muchi.

Sasa siku ya kwanza ya juma.

Tulikuwa tumetoka kazi. Wengine walikuwa wameingia mu pahali petu, piloni inaendelea. Mu kampi kuko ngoma moja ya muti, yetu watu wa huku. Neno likitoka kwetu, watu wa mulima wanalipokea, wanalipiga tena, njo linafika. Vijiti vya ile ngoma vilikuwa vinakaa kwangu. Ni mimi niliviomba. Niliwaambia wote mimi ni mutoto wa nani. Kila neno likifika, wananiita: mwana wa ngoma, kuja usikie. Na mwanzo, nilikuwa ninasikia. Mwaka wa kwanza nilisikia vizuri. Mwaka wa pili nilianza kusikia nusu, na nusu ninaibuni, na haikuleta neno, juu ilikuwa salamu, ilikuwa ndoa, ilikuwa mbuzi amepotea. Hakuna aliyejua.

Nilikuwa ninaosha miguu. Jina langu likaja. Mwana wa mwenye kukata njia ya tembo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikasimama na maji mu miguu. Nikaweka kisigino chini. Nikapata hatua, ninakuapia, niliipata. Kisha jina lako likaja, binti wa mto usiolala. Nikasema, ni bibi yangu.

Na pale piloni ikachukua muguu wangu.

Sikujua saa gani ulichukuliwa. Kisigino kilikuwa kinapiga udongo, mimi ninafikiri kinapiga na mulima, kumbe kinapiga na mashini. Nilisikia kila pigo. Hata moja halikunipita. Lakini sikujua neno hili linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Nilijaribu kungoja kidogo. Nikajaribu kuongeza kidogo. Nikakaza. Nikapotea kabisa. Kisha mulima ukanyamaza. Walikuwa wanangoja jibu.

Kuko pigo la kusema: rudia, toka mwanzo. Unalijua, kila mutu analijua. Ni mapigo matano. Mutoto wa miaka ine anaweza.

Watu walikuwa wananiangalia. Labda kumi, labda zaidi, na sahani zao mu mukono. Asumani akasema: «Ee mwana wa ngoma, kwenu wanasema nini? Ao leo wamepiga Kifaransa?» Wakacheka. Si kicheko kibaya. Asumani si mutu mubaya. Ilikuwa mchezo tu.

Nikashika vijiti nikapiga: nimesikia, neno liko kwangu.

Nilipiga vizuri, Mama Riziki. Mukono haukutetemeka.

Kisha nikawageukia nikasema: «Bibi yangu amevuna mupunga. Ghala imejaa, hakuna pahali pa kutia.» Wakapiga makofi. Asumani akasema: «Basi ukitoka konje usirudi mikono mitupu, baba, tutakufungia mulango!» Nikacheka pamoja nao. Mupunga huo niliuona mu macho. Nilikuona weye, umesimama ku ghala, na mafuta mu uso. Na weye ulikuwa umelala, mbavu zinakuchoma, huwezi kugeuka.

Kesho yake nilijiambia: kama ni neno kubwa, watarudia. Munafiki. Nani anarudia kwa mutu aliyejibu? Ninajua mila yetu. Mutu akijibu neno liko kwangu, neno limetoka ku wale wa nyumbani, limekuwa lake. Hakuna tena mukono mwingine unaogusa.

Baba Mudogo aliniambia kisha neno lilikuwa nini. Lilikuwa swali. Bibi yako ana kichomi, tumubebe kwa masera, ao weye unakuja? Tipoi ya kukubebea ilikuwa tayari. Walikuwa wamekata miti na wamefunga kamba. Watu ine walikuwa wamesimama mu kiwanja. Nusu ya siku tu mpaka ku lopitali ya masera, wale masista wa Kasongo. Kama ningenyamaza, wangekubeba. Kama ningepiga rudia, wangerudia, na mimi ningesema mubebeni. Nilijibu neno liko kwangu, wao wakashika kama ninakuja. Wakaweka tipoi chini. Kumubeba bibi ya mutu aliyesema anakuja ni kumutukana. Waliniheshimu. Ulikufa na heshima yangu.

Siku ya ine, mchana, mukanda wa mashini ulikatika. Piloni ikasimama. Mu ile kimya njo ngoma ikaja. Ile ya kifo, pole pole. Niliisikia yote, neno kwa neno. Kisigino hata sikukiweka chini.

Kapita Kitenge, musimamizi wetu wa kazi, alikuja yeye mwenyewe pale nilipokaa. Alivua kofia. Akasema: «Enda. Konje nitaiandika mimi, usingoje Muzungu.» Akanipa blanketi yake ya njia, juu mvua ilikuwa inakuja. Yule njo kapita wangu. Angalia vizuri, juu ya yale niliyomufanyia.

Nilifika siku ya sita, siku ya posho. Walikuwa wamekwisha kukuzika jana yake. Mama yako alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa. Hakunisalimia. Alisema neno moja: «Ulijibu.»

Kiwanja kizima kikanigeukia.

Akasema tena: «Tulisikia ulijibu. Tukangoja.»

Nikasema: «Kapita alininyima konje.»

Sikufikiri. Neno lilitoka haraka, kama lilikuwa limekaa nyuma ya meno linangoja. Nilipolisikia mimi mwenyewe nilitaka kulirudisha. Lakini mama yako alikuwa amenyosha mikono. Alinishika kichwa akalia juu yangu. «Mwanangu,» akasema, «mwanangu, wamekufanya mutumwa.» Wote wakalia. Wakaniletea kiti, wakaniletea sombe na samaki. Nilikula, Mama Riziki. Nilikula chakula cha mutu aliyeonewa.

Siku ya tatu mama ya Kapita Kitenge akaja. Unamujua, ule muzee wa ngambo ya mto, anayetembea na fimbo. Alivuka maji na beseni ya muchele ku kichwa, kulia matanga. Hakujua kitu. Alianza kulia toka kule njiani, vile inafaa. Mama yako akasimama. Akamupokea beseni. Akaimwaga yote chini, mbele ya miguu yake. «Mwana wako aliua mutoto wangu, na weye unaniletea muchele?»

Yule muzee hakuelewa. Aliangalia watu mumoja mumoja. Alifika kwangu. Nikaangalia miguu yangu. Kisha akaweka fimbo chini akapiga magoti, akaanza kuokota, juu hawezi kuacha muchele juu ya udongo wa matanga, ni vibaya. Punje kwa punje. Ilichukua muda murefu. Hakuna mutu aliyemusaidia. Na mimi pia.

Kwenda kwake nilimuona anavuka maji na beseni. Ilikuwa haijafika nusu.

Nilikuwa na nguvu ya kudanganya watu wa kampi. Nilikuwa na nguvu ya kudanganya mama yako. Ile ya muzee kupiga magoti, sikuweza. Sisemi hivi unisifu. Nilikaa tena siku nzima mbele ya kusema. Siku nzima. Nilienda kukata nyasi za nyumba, nyumba haina shida ya nyasi.

Nilianza na Baba Mudogo. Alikuwa ku ngoma, anapaka mafuta mudomo wa ngoma. Nikamuambia yote, nimesimama. Hakugeuka. Alisema: «Ulipiga vizuri sana siku ile. Kama mukono wako ungetetemeka, ningekuwa na mashaka. Ningewaambia wamubebe.»

Kisha akasema: «Neno lililopanda ku ngoma linashuka na ngoma. Lakini mutu aliyepotea hatua hapigi ngoma yangu. Kaa chini.»

Siku mbili alinifundisha, mimi mutu muzima. Mbele ya watoto, mbele ya watu wanaopita. Yeye anapiga, mimi kisigino mu vumbi. Nikikimbia ananigusa goti na kijiti. Nikichelewa ananigusa goti. Mara ya kwanza nilikuwa nakimbia tu. Alisema: «Unafuata nani? Hapa hakuna mashini.» Nikalia. Hakungoja nimalize kulia. Aliendelea kupiga.

Nikamuuliza kama baba alipigaka rudia. Juu mimi sikumuonaka hata siku moja, na ile njo ilinikaza siku ile mu kampi. Baba Mudogo aliniangalia kama mutu mujinga. «Baba yako? Kila siku ya upepo. Weye ulikuwa shuleni unapiga meza. Watu wa mulima walikuwa wanamucheka, na yeye anawacheka. Hakuna mwenye sikio lisilopotea. Kuko mwenye kusema na kuko mwenye kuficha.»

Basi. Nilikuwa nalinda heshima ya baba, na baba hakukuwa na habari nayo.

Kisha nikaenda kwa mama yako. Watu walikuwa wengi. Nikasema kama Kitenge hakuninyima kitu. Nikasema kama sikuomba hata konje. Nikasema sikusikia neno, nikaona haya, nikajibu.

Nilifikiri atalia, ao atanipiga. Nilitaka anipige. Alikaa. Kisha akasema, sauti ndogo: «Alituomba tumusuke nywele. Hakutaka umukute vibaya. Hakuweza kukaa, nilimushika mugongo mpaka dada yake akamaliza.»

Mpaka leo hajasema lingine na mimi.

Nywele zako sikuziona. Nimeuliza dada yako alisuka namna gani. Alinionyesha na vidole juu ya kichwa cha Riziki, kisha akafumua.

Jioni jua lilipopoa, nilipiga. Niliita mulima mara ine, niwape hatua. Kisha: mimi, mwana wa mwenye kukata njia ya tembo, nilisema nimesikia. Sikusikia. Kapita hakuninyima kitu. Binti wa mto usiolala alikufa juu ya uongo wangu. Peleka mpaka kampi.

Kwetu watu wote walisimama njiani, na kuni, na maji ku kichwa. Nilimaliza. Mikono ilikuwa inatetemeka sasa.

Mulima ukajibu. Mapigo matano.

Rudia, toka mwanzo.

Sijui kama hatua iliwaponyoka, ao hawakuamini mutu anaweza kupiga neno kama lile. Nikamugeukia Baba Mudogo. Alisema: «Umesikia, sivyo? Piga.» Nikapiga tena yote, toka jina. Ile mara ya pili njo ilikuwa nzito. Ya kwanza unaipiga na macho umefumba.

Wakajibu: tumesikia. Kisha tukawasikia wanaigeuzia upande mwingine, wanaipeleka. Ilikuwa ndogo, mbali, lakini kila pigo pahali pake. Aibu yangu ilikuwa inaenda ku kampi mbele yangu. Asumani hajui ngoma. Lakini atapata mutu wa kumueleza.

Jana nilivuka maji. Mama ya Kitenge alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza samaki juu ya moshi. Alikuwa amesikia ngoma, si kiziwi. Nikapiga magoti. Nikasema yangu. Aliendelea kugeuza samaki. Kisha akasema: «Ule muchele ulikuwa wa mwisho wa ghala. Na weye uliuona ukianguka.»

Nikasema ndiyo, niliuona.

«Basi,» akasema.

Nikamuambia nitamuletea mwingine. Akasema si muchele anatafuta. Alichagua samaki wakubwa, akawafunga mu majani, akafunga na kamba mara mbili. Akanipa. «Umupelekee Kitenge. Mu mukono wake, si kwa mutu mwingine. Na ile neno umuambie na mudomo wako. Ngoma ni ya watu wote. Mimi ninataka mwanangu akuone unavyosema.»

Hakunipa maji ya kunywa.

Sasa ya nyumbani. Riziki amebaki kwa mama yako. Nitaruhusiwa kumuona, kulala hapana. Ni haki. Jino lake la mbele limetoka, alilitupa juu ya nyumba peke yake, hakungoja mutu. Ananiuliza kama weye ulikuwa na baridi. Nilimuambia sijui. Kinu dada yako alikichukua. Jembe yako nimeiacha mulangoni, hakuna aliyeigusa. Mupunga wa kweli, ule wa shamba ya chini, ndege wanakula. Nimesema na Baba Mudogo, atatia watu wavune, uende kwa mama yako wote. Mbuzi mweupe alizaa wawili.

Sijui mutu anasema nini ku mwisho. Sikuombi unisamehe. Kama ningekuwa weye nisingesamehe leo. Labda kisha.

Lakini ninakuahidi. Nikikosa hatua, nitapiga rudia. Watu mia wacheke, nitapiga rudia. Na si ku ngoma tu. Mutu akiniambia neno nisilolipata, nitamuambia: sikupata, rudia toka mwanzo. Riziki akikua, nitamueleza mimi, si watu wa njiani. Na nitamuomba Kitenge anitoe ku piloni, anipe koleo, anipe kubeba miti, kitu chochote kisicho na sauti yake. Akikataa, iko mu mukono wake, sitasema neno.

Karatasi hii nitaitia mu udongo, upande wa kichwa chako, mbele ya mvua. Watu watafikiri ninanyoosha kaburi.

Lala, binti wa mto usiolala. Umengoja sana. Usiningoje tena.

Samaki wamefungwa, niko nao hapa. Kampi imekwisha kusikia. Kesho narudi ku kazi.